Ngazi ya Vyuo Vinane

Ligi ya Vyuo Vinane ina vyuo kumi na kimoja. Siku ya kutia sahihi vilikuwa saba, kwa kuwa cha nane kilighairi asubuhi ile ile, ila karatasi za barua zilikuwa zimekwisha kuchapwa, na watu wa Nebraska hawatupi karatasi nzima. Tangu hapo vyuo vimeingia na kutoka. Viwili vilifungwa, kimoja kilihamia ligi kubwa kwa mbwembwe nyingi kisha kikarudi kimefyata mkia, lakini vinane kamili havijapata kuwa hata msimu mmoja. Hilo halimsumbui mtu. Kinachowasumbua watu ni mashindano ya kufunga msimu wa mpira wa kikapu, yanayochezwa kila mwanzo wa Machi katika ukumbi wa Chuo cha Vesely, na katika mashindano hayo wanachokijali kuliko kikombe ni ngazi.

Kikombe ni cha bati, na kila mtu anajua ni cha bati. Ngazi ni ya mbao, ya kukunja, ina vidato vinane. Fainali ikiisha, mabingwa huisimamisha chini ya goli, wakapanda mmoja mmoja, kila mtu akakata kamba moja ya wavu kwa mkasi, na akishuka huandika jina lake kwenye mbao kwa kalamu ya wino mzito. Kukata wavu ni desturi ya nchi nzima. Kuandika ngazi ni kwa Vyuo Vinane peke yao, na sheria yake ni moja tu: asiyepanda haandiki. Kanuni nyingine zote za ligi zimewahi kurekebishwa, nyingine mara mbili kwa kikao kimoja. Hiyo haijaguswa.

Aliyeitunza ngazi hiyo ni Leland Hruska, mtunza ukumbi wa chuo tangu mwaka 1978, mzee wa miaka sabini mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno machache kinywani. Januari ya mwaka 2019 ligi ilimwandikia barua. Mashindano yalikuwa yanatimiza mara ya hamsini. Ngazi ingewekwa kwenye kabati la kioo mlangoni, mabingwa wa zamani wangealikwa waje kuyagusa majina yao, na yeye Leland angepewa ngao iliyochongwa maneno "Mlinzi wa Ngazi" mbele ya watu wote. Mji mzima ulimpongeza. Kinyozi alikataa kumlipisha. Leland alishukuru, akarudi nyumbani, na chakula hakikupita kooni, kwa sababu ngazi ile ilikuwa ya bandia.

Ya kweli aliiua yeye mwenyewe Juni 1986. Cheri za uani zilikuwa zimeiva, mkewe Marvene alizitaka kwa ajili ya pai za kanisa, na ngazi yao ya nyumbani ilikuwa imeazimwa na shemeji, yaani ilikuwa imekufa. Leland akaazima ya ukumbini kwa saa moja. Alichuma ndoo mbili, akaziweka nyuma ya pikapu, akaingia, akarudi nyuma bila kutazama. Mlio aliousikia humrukia masikioni mpaka leo kila anapopasua kuni. Marvene alitoka mbio na aproni yake, akaitazama ngazi iliyokuwa imegeuka vijiti, kisha akamtazama mumewe.

"Cheri zimepona?" akauliza.

Zilikuwa zimepona. Lakini juu ya vijiti vile palikuwa na majina ya mabingwa wa miaka kumi na saba, watu mia mbili na wanne, na Leland alikaa chini kwenye nyasi akashika kichwa. Ndipo Marvene, mwalimu aliyefundisha mwandiko darasa la pili maisha yake yote, alipoonyesha kuwa akili ni nywele na kila mtu ana zake. Duka la vifaa la mjini lilikuwa bado linauza ngazi za aina ile ile. Walinunua moja, wakaifunga nyuma ya pikapu na kuiburuta maili nne kwenye barabara ya kokoto, wakaisugua kwa makapi ya kahawa na mafuta ya injini mpaka ikazeeka. Kisha wakatoa vijitabu vya mashindano vya kila mwaka, vyenye orodha za wachezaji, wakafunga mlango wa gereji na kufungulia redio kwa sauti ili majirani wadhani Leland anasikiliza besiboli.

Iliwachukua Jumapili sita. Marvene ndiye aliyetoa mwongozo. Wachezaji warefu wa chini ya goli waliandikwa kwa herufi kubwa zisizo na adabu. Wafupi wanaochezesha mpira walipewa herufi ndogo za kuinama, kama watu wenye haraka. Wa akiba aliwaandika vizuri kuliko wote, kwa hoja kwamba hao ndio waliokuwa na nafasi ya kutulia. Leland alipewa mashoto, akayaandika kwa mkono wa kushoto huku ametoa ulimi. Vijiti vya zamani vilichomwa ndani ya pipa. Tangu hapo mabingwa wa kila mwaka walipanda na kuandika majina yao ya kweli pembeni ya yale ya uongo, na baada ya muda hata Leland hakuweza kusema kwa uhakika uongo unaishia wapi.

Basi Jumatano ya mashindano akaja Profesa Annika Brandvold. Huyu alikuwa mwalimu wa historia chuoni, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu aliyehamia kutoka Minnesota, na ligi ilikuwa imemwomba aandike historia ya mashindano. Walitaka kijitabu chenye picha. Yeye alikuwa anaandika historia. Alikwisha kuiua hadithi ya theluji, ile ambayo kila mtoto wa Vesely ameinyonya na maziwa, kwamba mashindano ya kwanza yalizuka kwa sababu dhoruba ilizifungia timu zote mjini siku tatu. Profesa alitafuta rekodi za hali ya hewa, akakuta wiki ile watu walikuwa wanatembea na mashati. Timu zilibaki kwa sababu akina mama wa kanisa walikuwa wamepika maharagwe ya nyama na mikate ya mdalasini, na chakula kikabaki.

Alimkuta Leland stoo, akakaa juu ya mikeka ya mieleka, akatoa daftari. Alimweleza kwamba amehoji watu sitini na wawili na wote wamemdanganya. Si kwa nia mbaya, alisema. Watu wanaipenda mno hadithi yao, wanaitia chumvi kila mwaka. Kisha akainyoshea ngazi mkono.

"Huyu ndiye shahidi wangu pekee asiyetia chumvi," akasema.

Leland akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Profesa akatoa bahasha ya picha. Mwaka 1977, walipochukua ubingwa Vesely wenyewe, mpiga picha wa gazeti alimpiga kila mchezaji akiwa kileleni na mkasi mkononi, mmoja baada ya mwingine, filamu nzima. Picha zilikuwa kumi na moja. Majina ya mwaka huo kwenye ngazi yalikuwa kumi na mawili. Aliyekosekana pichani ni mchezaji wa akiba, Verlon Stukenholtz, na huyo alikuwa amekubali mwaliko, angekuja Jumamosi na mkewe. Profesa alikuwa na furaha ya mtu aliyepoteza kifungo na anajua kiko chini ya kochi.

"Lazima picha ya kumi na mbili iko mahali," alisema. "Nitamwuliza mwenyewe."

Leland alirudi nyumbani mchana ule ule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu achanwe na msumari mwaka 1994. Marvene alikuwa anafuma. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha sindano.

"Tulinakili kutoka kwenye kijitabu," akasema. "Kijitabu kina kumi na wawili."

"Kijitabu kinaandika waliocheza, mama. Hakiandiki waliopanda."

"Sasa mtu anachukua ubingwa halafu hapandi, kwa nini? Ana wazimu?"

Leland alisema hajui, ila kama mtu hakupanda na jina lipo, basi jina limeandikwa na mtu mwingine, na profesa yule si mtu wa kuishia hapo. Za mwizi arobaini. Ataanza na jina moja, atavuta uzi, na Jumamosi wakati wa mapumziko ya fainali, badala ya kupewa ngao, atasimamishwa mbele ya mji mzima kama mghushi wa majina mia mbili na manne. Alikuwa amefagia ukumbi ule miaka arobaini na mmoja. Hakuwa na digrii wala shamba. Alichokuwa nacho ni kwamba watu wa Vesely walikuwa wakimwachia funguo za nyumba zao wakisafiri.

"Sema ukweli mapema," Marvene akasema.

"Sema wewe. Mwandiko ni wako."

"Ule mbaya ni wako."

Marvene akaenda kupasha supu.

Jumamosi mabingwa wa zamani walianza kuingia tangu saa nne asubuhi, wanaume wa makamo na wazee, wengine na magoti ya chuma, kila mmoja na mke, wajukuu na kamera. Ngazi ilisimamishwa katikati ya ukumbi wa kuingilia, karibu na meza ya maharagwe, na Leland akasimama kando yake kwa mavazi ya kanisani, jasho likimtiririka ndani ya kola. Alitegemea kwamba mtu wa kwanza kuinama na kusoma jina lake angeinuka na kusema huu si mwandiko wangu.

Wa kwanza alikuwa Rodney Uhlig, aliyekuwa mrefu wa chini ya goli mwaka 1977, na ambaye sasa alikuwa mrefu na mpana. Uhlig aliinama, akatafuta, akakuta jina lake lenye herufi kubwa zisizo na adabu, ambalo Marvene aliliandika huku anakula tikiti maji. Akalipapasa kwa kidole. Macho yakamjaa machozi.

"Tazama hiyo U," akamwambia mkewe. "Siku hizi siwezi tena kuiandika hivyo."

Akaja mwingine wa mwaka 1981 aliyeikumbuka kalamu yenyewe, ilikuwa inavuja. Akaja shoto wa 1984, akawaonyesha wajukuu jinsi mkono wa kushoto unavyoburuta wino, na kweli ulikuwa umeburuzwa, kwa mkono wa Leland. Mmoja alikiri kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita alivyodhani, akalaumu kompyuta kwa kumharibu. Hakuna aliyeshtuka, hata mmoja. Leland alianza kupumua, na njaa ikamrudia, akachota bakuli la maharagwe na mkate wa mdalasini, akachovya.

Alikuwa katika tonge la tatu alipowaona Verlon Stukenholtz na mkewe wanaingia. Alimjua kwa sababu ndiye mtu pekee aliyeingia mahali pale kama anayepelekwa kung'olewa jino. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la kampuni yake ya bima ya mvua ya mawe, na alisimama mbali na ngazi, karibu na mlango wa kutokea. Mkewe, Jolene, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya uwanjani, alikuwa amekumbatia fremu ndogo ya kioo yenye kipande cha kamba nyeupe ndani yake. Kila aliyempita alionyeshwa. Ndiyo kamba aliyoikata Verlon mwaka 1977. Jolene alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi, akainama, akasoma kidato kwa kidato.

"Hili hapa, Verlon. Kidato cha tano. Njoo ulione."

Verlon alikuja kwa hatua za mtu anayevuka barafu. Aliliona jina lake, lililoandikwa vizuri kuliko ya wengine wote. Akaligusa na kuangalia kidole chake. Kisha akainua uso polepole akamtazama Leland, na Leland, mwenye mkate mdomoni, akashindwa kukwepesha macho.

Dakika kumi baadaye Verlon aliingia stoo akijifanya anatafuta choo. Alifunga mlango nyuma yake.

"Bwana Leland, jina langu liko kwenye ngazi."

"Liko."

"Mimi sikupanda."

"Najua."

"Sasa aliyeandika nani?"

Wasemao kwamba asiyekuwapo na lake halipo hawajafika Vesely. Leland alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akamweleza yote, cheri, pikapu, kokoto, makapi ya kahawa, na alipomaliza alijisikia mwepesi kidogo. Verlon naye akakaa kwenye mikeka akatoa yake. Anaogopa kupanda juu. Anaogopa tangu utoto, hata mashamba anayoyakadiria hasara ya mvua ya mawe huyatazama akiwa amesimama ardhini. Siku ile ya 1977 alifika kidato cha pili, miguu ikakataa, akasema pua inavuja damu, akakimbilia chooni. Alipotoka wenzake walikuwa wamekwenda zao wakiimba, na mlangoni alikuwepo msichana aliyekuwa akimtaka kwa mwaka mzima bila kuthubutu kumsemesha. Msichana akamwambia, nionyeshe kamba yako. Verlon akasema ngoja, nimeisahau ndani. Kwenye korido palikuwa na wavu umelala sakafuni, akaukata kipande.

Uongo huo ulimpatia mke, nyumba na watoto watatu. Kila mwaka aliuongezea kidogo. Siku hizi katika hadithi yake ngazi inayumba, na kocha analia chini. Leo alikuja kwa sababu Jolene alinunua mafuta ya gari na kuoka biskuti za safari kabla hajapata kisingizio, na njia nzima alikuwa anapanga kuanguka kwa ugonjwa wa moyo hapo hapo ukumbini, wa wastani, usiohitaji daktari. Halafu akakuta jina lake.

"Yule profesa atakuuliza," Leland akasema.

"Nitasema nilipanda. Wewe nyamaza, na mimi ninyamaze."

"Nimenyamaza miaka thelathini na mitatu. Nimezoea."

Wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe mwenye kilema na wote wawili wanajua.

Fainali ilianza saa nane mchana, Vesely na Chuo cha Mtakatifu Odilo, na kufika mapumziko Vesely walikuwa nyuma kwa pointi kumi na tisa, kwa hiyo watu walikuwa na hamu kubwa ya jambo lolote lingine. Ngazi ikaletwa katikati ya uwanja. Mabingwa wa zamani wakapanga mstari. Leland akasimamishwa mbele na ngao yake mikononi, nzito, nzuri, jina lake limechongwa. Profesa Brandvold akashika kipaza sauti, akaeleza kwamba kila mmoja atasema sentensi moja kuhusu siku aliyopanda. Uhlig alisema sentensi tisa na kulia katika nne. Watu wakapiga makofi. Mambo yakaenda vizuri mpaka zamu ya Verlon.

Hapo skrini kubwa iliyo juu ya goli ikawaka, na zile picha kumi na moja zikatokea, vijana kumi na mmoja wenye nywele ndefu na mikasi.

"Bwana Stukenholtz," profesa akasema kwa uchangamfu, "nimeitafuta picha yako mwezi mzima. Ulipopanda, mpiga picha alikuwa amesimama upande gani?"

Hakuwa na hila yoyote, maskini. Alitaka picha yake. Verlon alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alifungua kinywa, akasema upande wa. Akasema tena upande wa. Ukumbi mzima ulisubiri upande. Jolene alikuwa ameketi mstari wa mbele, fremu mapajani, anamtazama mumewe kwa uso mtulivu, na Verlon hakuweza kumwangalia. Alimwangalia Leland.

Leland aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani mwake. Alikuwa ameogopa miezi miwili kwa ajili ya jina lake mwenyewe, na sasa mtu mwingine alikuwa anazama mbele ya mkewe ndani ya maji aliyoyamwaga yeye. Angenyamaza, Verlon angetaja upande, profesa angetafuta picha upande huo, na uongo ungezaa wajukuu. Aliiweka ngao sakafuni. Akakichukua kile kipaza sauti.

"Hana picha kwa sababu hakupanda," akasema. "Na jina lile hakuandika yeye. Ngazi ya kwanza niliivunja kwa gari mwaka themanini na sita. Majina yote kuanzia hapo kurudi nyuma tuliandika sisi, mimi na Marvene."

Kutoka safu ya sita, sauti ya Marvene ikasikika bila kipaza sauti.

"Yale mazuri ni yangu."

Na ukumbi mzima ukacheka. Watu walicheka mpaka wakapiga mbao za viti kwa miguu. Leland Hruska, asiyewahi kusema mzaha tangu azaliwe, ameficha mmoja miaka sabini autoe leo. Leland alisema tena kwamba ni kweli, akataja cheri, akataja kokoto, na kila alichotaja kiliwaongezea kicheko. Uhlig alimkumbatia kwa mkono mmoja.

"Leland, bwana, mimi siujui mwandiko wangu?"

Yule aliyeikumbuka kalamu iliyovuja akasema anaikumbuka. Shoto akainua mkono wa kushoto kama kielelezo. Mmoja wa 1979, mwanasheria, alikubali kwamba huenda baadhi ya majina yana mashaka, hasa ya mwaka 1980, ila la kwake ni halali, na wale wa 1980 wakasema hapana, la kwake ndilo walilolishuku siku zote. Leland alisimama katikati yao mikono imelegea. Miaka thelathini na mitatu aliuogopa ukweli kama moto, na sasa ameutoa nje mwenyewe, na hakuna anayeutaka. Profesa peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama skrini, anatazama ngazi, na kalamu yake imesimama hewani.

Verlon alikuwa ameokoka. Kicheko kilikuwa kimemfunika, na angeweza kucheka na wengine, akarudi kiti chake na hadithi yake nzima. Alimtazama yule mzee ambaye kwa mara ya kwanza anasema kweli na anaonekana mchekeshaji. Akakiomba kipaza sauti.

"Anasema kweli," akasema. "Mimi sikupanda. Nilifika kidato cha pili nikashuka. Nilijificha chooni mpaka wakaondoka."

Kicheko kilikatika. Verlon aligeuka kumtazama mkewe, akasema na ile kamba iliyo kwenye fremu si yenyewe, ameikata koridoni, na kwamba amemdanganya miaka arobaini na miwili, na hajui aseme nini zaidi.

Jolene hakuhitaji kipaza sauti.

"Verlon, hiyo ni kamba ya wavu wa voliboli," akasema. "Nilicheza voliboli hapa miaka minne. Niliijua siku ile ile uliyonipa."

"Sasa kwa nini ukaiwekea fremu?"

"Kwa sababu ulikuwa unatetemeka ukinipa. Nikasema, mwanamume anayetetemeka hivi kwa ajili ya kipande cha kamba, huyu hataniacha."

Hapo Verlon alilia, na Uhlig naye akalia, ingawa Uhlig angelia hata kama ingesomwa orodha ya vyakula. Profesa Brandvold alikuwa anaandika kwa kasi mpaka akatoboa karatasi. Mwanasheria wa 1979 alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba sawa, Verlon kweli hakupanda, na hilo linathibitisha jina la Verlon tu. La kwake linabaki halali. Wengi walimwunga mkono, kila mmoja kwa upande wake. Hata leo ukienda Vesely utawasikia. Majina mia mbili na matatu ni ya kughushi, na moja ni la kweli, nalo ni la yule anayekusimulia.

Leland alijaribu kurudisha ngao. Mkuu wa chuo aliipokea, akaitazama, akamrudishia akisema maneno yameshachongwa.

Kipindi cha pili kilichezwa kwa sababu kilikuwa kwenye ratiba. Vesely walifungwa kwa pointi ishirini na saba. Vijana wa Mtakatifu Odilo walisimamisha ngazi chini ya goli, wakapanda mmoja mmoja, wakakata, wakashuka na kuandika, na sasa kila mmoja aliandika huku amemkazia macho Marvene. Kamba ya mwisho huwa ni ya kocha. Kocha wao alipanda vidato vitatu, akasimama, akashuka tena, akaenda mpaka mstari wa mbele akampa Verlon mkasi. Alisema wameshinda kwa pointi ishirini na saba, kamba moja haitawapunguzia kitu.

Verlon alisema hapana. Jolene akamvua koti.

Leland alishika ngazi upande mmoja na Uhlig upande wa pili. Verlon alipanda kidato cha kwanza na cha pili. Hapo alisimama muda mrefu hadi watu wakaanza kuona haya kumtazama. Leland aliuona mguu wake unacheza ndani ya suruali.

"Haiyumbi," Leland akamwambia taratibu. "Niliichagua mwenyewe dukani. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza."

Verlon akacheka, na katika kucheka akafika cha tatu, akafika cha nne. Cha tano kilikuwa na jina lake, akalikanyaga. Alikata kamba huku amefumba macho, na ilibidi akate mara tatu kwa sababu mara mbili alikata hewa. Aliposhuka ukumbi ulipiga makofi kuliko ulivyowapigia mabingwa. Jolene aliipokea kamba, akaipima kati ya vidole viwili kama anayepima kitambaa sokoni, akakubali kwa kichwa kwamba safari hii ndiyo yenyewe.

Mmoja wa vijana wa Odilo akampa Verlon kalamu, kwa desturi. Verlon akaifungua, akainama kwenye ngazi akitafuta nafasi. Marvene alikuwa ameshuka kutoka safu ya sita, ameinua miwani yake na kuitazama mbao kwa jicho la mwalimu. Akamnyang'anya kalamu.

"Jina lako lipo," akasema. "Ukiandika tena, hapo ndipo utakuwa umeghushi."